Maji Aliyonawa Mgeni

Wanaume wa mfereji wa juu ya Akheri walikuwa na mikutano mingi kuliko maji. Ruth alilisema hilo waziwazi, tena mbele ya mumewe Philemoni aliyekuwa katibu wao, na Philemoni hakukasirika kwa sababu lilikuwa kweli. Kiangazi cha mwaka 1953 kilikuwa cha pili tangu setla, Mzungu aliyenunua shamba la juu, afunge lango la mfereji na kuyageuzia maji yote kwenye mashine yake ya kuoshea kahawa. Mfereji wenyewe ulichimbwa na babu zao kwa majembe ya mti, na wazee walikuwa bado wanaweza kukutajia ukoo uliochimba kila kipande. Sasa ulikuwa mtaro mkavu, kuku wakioga vumbi ndani yake, na wanawake wa kitongoji walishuka korongoni kila siku na madebe yao. Kushuka kulichukua muda wa saa nzima. Kupanda sitaki kusema, maana njia za Meru anazijua aliyezipanda na debe kichwani.

Basi Philemoni akaandika barua. Zilikuwa siku za barua. Miaka miwili kabla yake watu wa Ngare Nanyuki, upande mwingine wa mlima, walikuwa wameondolewa kwenye ardhi yao, na malalamiko yao yakavuka bahari mpaka Umoja wa Mataifa. Ardhi hawakurudishiwa, lakini mlima mzima ulijifunza kitu: kwamba karatasi yenye maneno na alama za vidole gumba inaweza kufika mahali ambapo mkuki haufiki. Kila mtu aliyewahi kukaa darasani miaka minne akawa katibu wa jambo fulani. Philemoni, ambaye alikuwa na mwandiko mzuri na subira ya ng'ombe maksai, aliandika barua saba kwa baraza. Ya saba ikajibiwa.

Jibu lilisema kwamba Bwana DC, mkuu wa wilaya, na wajumbe wa baraza hawawezi kuamua kwa maneno ya upande mmoja. Gazeti la serikali lilikuwa linamtuma mwandishi wake kuzunguka mlimani, atapiga picha na kuandika hali ya maji, na kile atakachoandika kitawekwa mbele ya baraza. Wazee wa mfereji walifurahi mno. Walikaa chini ya paa la ghala la kahawa wakapanga kila kitu: mgeni atapitishwa njia gani, ataonyeshwa lango lipi, nani atasema na nani atanyamaza. Mzee Efraimu, mkuu wa mfereji, alisisitiza kwamba mwandishi aone ukame kwa macho yake mwenyewe.

Walipanga yote hayo, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuwaambia wake zao. Philemoni alirudi nyumbani akala, akanawa mikono, akamwambia Ruth, "Alhamisi tuna mgeni, anatoka Dar es Salaam. Ni Mwislamu." Akaenda kulala. Kama kuna mtu wa kulaumiwa katika habari hii, mimi ningeanza na sentensi hiyo.

Maana Ruth alijua vizuri kupokea mgeni. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, amefanya kazi ya kufua hospitalini Nkoaranga miaka sita kabla ya kuolewa, na kitongoji kizima kilimwita Mama Ndesanjo, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kwa sauti ya heshima. Na kwa watu wa pale mgeni haonyeshwi upungufu wa nyumba. Anapewa maji ya kunawa, anakula, anashiba, anapumzika, ndipo anaambiwa shida iliyopo. Na akishakula, hakuna kosa baya kama kumhesabia. Kumhesabia mgeni ni kumwambia kwamba alichokula kilipatikana kwa taabu hii na hii. Palikuwa na mzee mmoja aliyemhesabia shemeji yake mbuzi, na wajukuu zake walikuwa bado wanachekwa kwa jambo hilo.

Ruth akawaita wanawake ishirini na wawili. Siku tatu walishuka korongoni mara mbili mbili badala ya mara moja. Walifua nguo za watu wazima na watoto. Walijaza pipa la uani mpaka ukingoni. Walinyunyiza njia yote ili vumbi lisimpande mgeni viatuni, na asubuhi ya Alhamisi wakaimwagilia migomba ya mbele ya nyumba ili majani yaliyonyauka yainuke kidogo. Nkasiogi, jirani yake aliyeolewa kutoka kwa Waarusha wa upande wa magharibi, alikuwa na mimba ya miezi saba, lakini alikataa katakata kubaki nyumbani. Athumani mwenye duka pale Akheri aliitwa aje kumchinja mbuzi, mgeni asije akala kwa wasiwasi. Walipika ndizi kwa nyama, wakapika na loshoro ya mahindi, ndizi na maziwa ya mgando. Ruth alijifunga kilemba cheupe alichokuwa akivaa Pasaka tu.

Mwandishi alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, jina lake Mikidadi, mpole, amevaa kofia ya kiua na kubeba kamera kwenye mfuko wa ngozi. Alimwamkia Ruth shikamoo kwa adabu ambayo Ruth hakuitegemea kwa mtu wa gazeti. Philemoni, aliyekwenda kumpokea mjini Arusha, alipoingia uani na kuona pipa limejaa na migomba inameremeta alisimama kama mtu aliyekosea nyumba. Akamtazama mkewe. Lakini mgeni alikwisha kukaa, na Ruth alikwisha kuinama mbele yake na kibuyu akimmiminia maji mikononi, maji mengi, bila kubana. Mikidadi akaomba ruhusa, akanawa, akafuta mikono, kisha akamwambia arudie vilevile na mtu mwingine, naye akapiga picha.

Baada ya kula walimpeleka kwenye lango lililofungwa. Alipiga picha nane huko. Alimwuliza Mzee Efraimu maswali na kuandika majibu. Jioni akapanda lori la kahawa kurudi mjini, na kila mtu akalala akiwa na furaha. Ruth aliona amefanya kazi yake, na wanaume wamefanya yao.

Gazeti lilifika baada ya majuma matano. Athumani ndiye aliyelipata kwanza, na hakulileta kwa furaha. Katika picha tisa zilizopigwa, huko Dar es Salaam walikuwa wamechagua moja. Ilikuwa ya Ruth. Kilemba cheupe, kibuyu, maji yakimwagika kama hayana mwisho, nyuma yake migomba na pipa linalong'aa. Chini yake paliandikwa kwamba wakulima wa Meru wanaishi katika neema ya maji ya mlima wao, na kwamba akina mama wake ni wasafi na wakarimu. Habari ya lango ilikuwa mistari miwili, nayo ilisema tu kwamba wazee wana maoni kuhusu ugawaji.

Ruth aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Hakuwahi kujiona kwenye picha. Kwa nukta chache, na hili alilikiri mwenyewe baadaye, alifurahi kujiona alivyopendeza. Kisha akaelewa, akalikunja gazeti.

Baraza lilipokaa, Mikidadi naye akiwapo, mwenyekiti aliliinua gazeti juu ili kila mjumbe alione. Akauliza kama kuna mwenye neno. Mzee Efraimu aliinamisha kichwa. Philemoni, aliyeandika barua saba bila kuchoka, hakutia neno. Shauri likaahirishwa mpaka mwezi uliofuata, litolewe uamuzi, na kila mtu aliyekuwepo alijua uamuzi utakuwa upi.

Usiku ule wazee walisema wanawake wamewamaliza. Philemoni hakusema hivyo. Alikaa tu akichokoa moto. Ruth akamwuliza kwa nini hakuwaeleza baraza maji yale yalitoka wapi.

"Ningesemaje?" akajibu. "Yule kijana alikuwa amekaa palepale, anaandika. Alikula kwangu."

Ruth alimwelewa. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba alimwelewa kabisa. Kama angekuwa yeye, naye angenyamaza. Kitongoji kizima kilikuwa kimefungwa mdomo kwa sahani ya ndizi, na aliyeipika ni yeye. Na kila siku alimwona Nkasiogi, ambaye sasa alikuwa amejifungua, akishuka korongoni na debe kichwani na kitoto mgongoni. Siku kumi na mbili alilibeba jambo lile kimya. Siku ya kumi na tatu alimwambia mumewe kwamba atakwenda barazani.

Philemoni alimweleza kwamba wanawake hukaa nje ya ukuta wa baraza. Ruth akasema ukuta ule una mlango. Akamwuliza kama anamkataza. Philemoni alifikiri sana, kisha akasema hamkatazi, ila ajue kwamba akimhesabia mgeni mbele ya watu, hakuna atakayekuwa na nguvu ya kulifuta neno hilo, hata mchungaji. Ruth akasema anajua. Hakuwa jasiri kama wanavyosimulia siku hizi. Mara mbili njiani aligeuka arudi nyumbani.

Siku ile baraza lilikuwa limejaa. Bwana DC alikaa kwenye kiti cha turubai, wajumbe kwenye mabenchi, na Mikidadi pembeni na daftari lake, maana gazeti lilitaka kuandika mwisho wa shauri. Mwenyekiti alipouliza kwa desturi tu kama kuna mwenye neno, Ruth aliingia mlangoni akasimama mahali ambapo watu wote wangemwona. Mzee Efraimu akamwambia kwa Kimeru atoke. Hakutoka. Bwana DC akauliza huyu ni nani, na Ruth akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha hospitalini, polepole.

"Shikamooni wazee. Mimi ndiye mwanamke wa gazetini."

Ruth akamgeukia Mikidadi, si baraza. Alikuwa ameamua hivyo njiani, kwamba kama ni kumtukana mtu, amtukane usoni, asimpitie nyuma.

"Mwanangu Mikidadi, ulikula kwangu na ulikuwa na adabu. Sasa nakuhesabia. Maji uliyonawa yalibebwa na Nkasiogi kutoka korongoni, akiwa na mimba ya miezi saba. Ya kupikia ndizi niliyabeba mimi, nikaanguka nayo mara moja, nikarudi kuchota mengine. Lile pipa ni madebe kumi na moja, wanawake kumi na mmoja. Migomba uliyoipiga picha tuliimwagilia asubuhi ileile ili usione imekauka. Siku tatu watoto wetu walikunywa kwa kikombe kimoja kimoja ili wewe unawe. Hakuna neema ya maji pale. Kulikuwa na aibu yangu tu, sikutaka uone."

Mzee mmoja alijifunika uso kwa blanketi. Mwingine alitoka nje kabisa, na Mzee Efraimu akamfuata. Mnaweza kuwacheka, lakini mimi nawaelewa. Walikuwa wakisikia kitu ambacho maisha yao yote waliambiwa hakisemwi, na kinasemwa na mama wa kanisa, kwa sauti ya kawaida kabisa, mbele ya Mzungu. Ruth mwenyewe alikuwa ameshika nguzo. Philemoni aliinuka kwenye benchi la makatibu akaja kusimama karibu naye.

Mikidadi alilifunga daftari. Aliomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Nilikula nikashiba," akasema. "Niliwapelekea picha tisa, wakachagua waliyoitaka. Lakini hata mimi niliamini ile ya kwanza. Anachosema mama ni kweli, na kilichoandikwa si kweli."

Akakaa. Alikuwa mtu wa serikali, anakula mshahara wa serikali, na alilisema hilo Bwana DC akiwa hatua nne kutoka kwake. Sijui kama watu walilipima vizuri jambo hilo siku ile. Wote walikuwa wakimtazama Ruth.

Bwana DC hakuwa mtu mbaya wala mwema, alikuwa mtu wa taratibu. Alisema shauri litangoja. Juma lililofuata alipanda mlima bila kumwambia mtu, akakuta uwanja wa Ruth una vumbi, pipa limelala ubavu na migomba imeinama, akakutana njiani na wanawake na madebe yao. Alihesabu madebe, akaandika, akateremka bila kukaa popote. Baada ya mwezi uamuzi ukatoka: lango la mfereji lifunguliwe kwa watu wa chini Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na setla apate siku zilizobaki. Haikuwa haki yote. Ilikuwa siku tatu, na siku ya kwanza watoto waliyakimbilia maji yale mtaroni wakipiga kelele mpaka walimu wakafunga shule.

Gazeti liliandika mistari minne kwenye ukurasa wa nyuma, kwamba baraza la wenyeji limetengeneza utaratibu mzuri wa maji. Ruth hakutajwa. Kwa wasomaji wa Tanganyika nzima alibaki yule mama wa neema.

Lakini kule nyumbani hakuna aliyesahau. Watu walimheshimu, tena sana, walimwamkia kabla hajawaamkia. Walimwomba ushauri. Wanaume wa mfereji wakaanza kuwaita wanawake wawili kwenye mikutano yao, na mmoja alikuwa yeye. Walichoacha ni kula kwake. Hawakukubaliana, hawakuitana kupanga. Kila mmoja kwa wakati wake alifika, akakaa, na chakula kilipoletwa akasema ametoka kula sasa hivi. Siku ya ubatizo wa mjukuu wake alipika vyungu vinne. Wageni walijaa uani, wakaimba vizuri, wakasema wameshiba. Mchungaji alikunywa nusu kikombe cha chai akiwa amesimama. Mzee Efraimu alituma salamu. Hata Nkasiogi, ambaye mfereji ule ulimpunguzia nusu ya mzigo wake, aliibeba sahani yake mpaka nyuma ya jiko, akairudisha imejaa, akasema tumbo linamsumbua.

Philemoni alikula sahani tatu siku ile, bila njaa, akijikaza mkewe asione vyungu vimebaki. Ruth aliona. Aliingia jikoni akalia, kilio cha chini kisichosikika uani. Hakujuta kusema. Angesema tena kesho. Lakini alikuwa mwanamke aliyejijua kwa kulisha watu, na sasa nyumba yake ilikuwa imegeuka mahali pa kusalimia na kupita. Alimwambia mumewe kwamba maji yamerudi na wageni wameondoka.

Miezi ikapita hivyo. Masika yalikuja yakaisha, kahawa ikaanza kuiva. Jumamosi moja, wanawake wakiwa wamejaa kwa Ruth kuchambua kahawa, mtu akapiga hodi kwenye uzio. Alikuwa Mikidadi. Hakuwa na kamera. Alikuwa amekonda na viatu vyake vilikuwa vimekwisha. Alisema aliachishwa kazi gazetini muda mfupi baada ya lile baraza, sasa ni karani wa mfanyabiashara mmoja mjini Arusha, na alikuwa amekwenda Nkoaranga kumwona shangazi yake aliyelazwa. Alitembea kutoka kule kwa miguu.

Wote walijua huyu ndiye aliyehesabiwa. Kama kuna mtu duniani mwenye haki ya kukataa hata maji ya Ruth, ni yeye. Ruth alimkaribisha, akamletea maji ya kunawa, akammwagia mpaka magotini. Kisha akasimama katikati ya uwanja, hajui afanye nini. Palikuwa na kiporo cha ndizi na maharage tu. Kukileta ni kumtia mgeni katika tabu ya kukataa mbele ya watu, na kutokileta ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Mikidadi alimwangalia, akawaangalia wale wanawake walioinamia kahawa yao. Sijui aliambiwa na mtu huko hospitalini, au aliyasoma yote pale pale kwenye nyuso zao.

"Mama," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye uzio, "nina njaa."

Mtu mzima haombi chakula katika nyumba ya watu. Nkasiogi aliinua kichwa. Ruth akaingia jikoni mbio kama msichana, akatoka na sahani ya kiporo, hata kukipasha moto hakukumbuka. Mikidadi akala. Alikula bila haraka, akafuta sahani kwa kidole, wanawake wote wakimtazama na hakuna aliyejifanya anachambua. Ruth alikuwa amesimama mbele yake na machozi yanamtiririka bila kuyafuta.

Mikidadi akamnyooshea sahani tupu, akaomba aongezewe.